Umeibiwa, umepigwa au umetapeliwa? Jinsi ya kuripoti polisi na kuisimamia kesi yako mpaka mahakamani (Tanzania Bara)

Maswali ni yale yale kila siku. Nimepewa RB (namba ya taarifa niliyotoa polisi) sasa nifanye nini? Hospitali wamenidai PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, naipata wapi? Mwizi wangu alikamatwa jana leo nimemkuta kijiweni, imekuwaje? Kesi imefutwa wanasema mashahidi hatukufika na mimi hata sikujua tarehe. Nimeona bora niandike yote sehemu moja, mtu akiuliza atumiwe hii asome mpaka mwisho.

Kitu kimoja nataka ukishike kabla ya vyote. Kesi ikishindwa watu wanamlaumu hakimu, ila ukirudi nyuma unakuta ilishakufa zamani, ilikufa siku ya kwanza pale kaunta wakati maelezo yanaandikwa harakaharaka na mlalamikaji akasaini bila kusoma. Kwahiyo nguvu nyingi weka mwanzoni. Na hii ni kwa Tanzania Bara, Zanzibar wana sheria zao na mahakama zao, usichanganye.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho chochote, cha NIDA, cha mpiga kura au leseni. Huna? Nenda hivyo hivyo, barua ya serikali ya mtaa utaifuata baadae.
- Daftari dogo na kalamu. Usitegemee simu, manake huenda simu ndo iliyoibiwa.
- Uthibitisho kwamba mali ni yako: risiti, boksi la simu lenye IMEI (namba ya utambulisho wa simu), kadi ya pikipiki, picha ya zamani ukiwa na hicho kitu.
- Majina na namba za walioona. Zichukue siku hiyo hiyo, kesho yake watu wanapoa.
- Picha, skrinshoti, meseji za muamala. Usifute chochote hata kama zinakuumiza kuziangalia.
- Mtu mmoja wa kukusindikiza mwenye kichwa kilichotulia. Ukiwa umetoka kupigwa huwezi kukumbuka kila kitu peke yako.
- Nauli na hela ya fotokopi. Hela ya kulipia RB hapana, RB ni bure, PF3 ni bure na dhamana ni bure.

Hatua ya 1: Okoa mwili kwanza

Kama hatari bado ipo piga 112. Kama ni mtoto anafanyiwa ukatili kuna 116, huduma ya simu kwa mtoto, nayo haikatwi salio.

Kama damu inatoka au kuna mtu amezimia nenda hospitali, mwingine akimbilie kituoni kuchukua PF3 akuletee. Usikae kwenye benchi la polisi unavuja damu eti utaratibu ni polisi kwanza. Ukifika mapokezi sema wazi ni dharura na fomu inakuja.

Kwa aliyebakwa au kulawitiwa naomba usome hapa taratibu. Usioge, usinawe, usibadilishe nguo kama inawezekana, na kama umeshabadilisha basi zile nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki, sio rambo, plastiki inatunza unyevu na ushahidi unaoza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na zikianza mapema zaidi ndo bora zaidi, kwahiyo hata kama hujaamua kushtaki nenda hospitali leo. Baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakuhudumia sehemu moja, uliza kama hapo wanacho. Na hata kama umeshaoga nenda tu, usijihukumu, bado kuna vingi daktari anaweza kuona na kuandika.

Hatua ya 2: Eneo liache kama lilivyo, na mtuhumiwa msimuue

Kama ni nyumbani wamevunja, usianze kufagia vioo wala kurudisha makabati. Piga picha kila kona, funga mlango, subiri askari waone. Panga, nondo au chupa iliyotumika usiishike kwa mkono mtupu ukaanza kuwaonyesha majirani.

Sasa la pili ambalo linanikera sana. Mwizi akishikwa mtaani watu wanaita matairi na petroli. Raia ana haki ya kumkamata mtu anayemwona anatenda kosa, ila anatakiwa amkabidhi polisi bila kuchelewa, basi, haki yake inaishia hapo. Akifa mikononi mwenu hiyo ni kesi ya mauaji, haina dhamana, na wewe uliyeibiwa redio ndo utakuwa mtuhumiwa wa kwanza kwasababu wewe ndo ulipiga kelele. Alafu wangapi wamechomwa kumbe sio wenyewe, alikuwa anapita tu au anakimbilia gari. Marehemu harudi hata mkigundua mlikosea. Mfunge mikono, mkalishe chini, ita mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, pigeni polisi. Na msimpige ili "aseme wenzake", maneno aliyoyatoa kwa kipigo mahakama haiyapokei na mnaharibu kesi ambayo ilikuwa nzuri.

Hatua ya 3: Andika mwenyewe kabla hujafika kaunta

Kaa sehemu tulivu dakika kumi tu. Andika kwenye daftari: tarehe, saa, mahali hasa, nani alikuwepo, kilianza nini kikafuata nini, walivaa nini, walisema nini, vimechukuliwa nini. Andika na unachokijua na usichokijua. Baadae utaulizwa mambo haya haya mara tatu nne na watu tofauti, na hilo daftari ndo litakushika usiyumbe.

Angalizo: usiongeze vitu. Kuna mtu ameibiwa simu na elfu ishirini, akifika kituoni zinakuwa laki nane ili "kesi iwe nzito". Ukiulizwa mahakamani laki nane uliitoa wapi, uliitoa benki lini, unababaika, na hakimu akishakuona umedanganya hapo hata lile la kweli halitamwingia. Na kumpa polisi taarifa ya uongo ni kosa la jinai lenyewe.

Hatua ya 4: Kituoni, hakikisha umetoka na RB

Nenda kituo cha karibu na tukio lilipotokea. Ukifika kaunta mweleze askari kwa kifupi, "nimekuja kuripoti wizi" au "shambulio", usianze hadithi ya mwaka jana. Ataandika kwenye kitabu cha taarifa na atakupa namba, hiyo ndo RB, inakuwa na ufupisho wa kituo, namba na mwaka. Kabla hujaondoka soma kosa gani limeandikwa. Ulivunjiwa mlango usiku ukaibiwa halafu wameandika "kupotelewa na mali", hiyo sio kesi tena, hiyo ni taarifa ya upotevu. Mwambie kwa heshima, "afande mimi sijapoteza, nimevunjiwa", arekebishe hapo hapo.

Mambo ya ukatili wa kijinsia, kipigo cha ndoa, ubakaji na ya watoto yana sehemu yake, inaitwa Dawati la Jinsia na Watoto. Huna haja ya kusimulia kaunta mbele ya watu kumi, sema tu naomba kupelekwa dawatini. Ukitaka askari wa kike omba.

Ukitapeliwa kwa simu, kabla hata ya kituo piga huduma kwa wateja wa mtandao wako uombe muamala uzuiwe, dakika zinahesabika hapo. Ile meseji ya kitapeli itume kwenda 15040. Na siku ukipata nafasi piga *106# uangalie kama kuna laini imesajiliwa kwa jina lako bila wewe kujua, maana tapeli akitumia laini ya jina lako wa kwanza kufuatwa ni wewe.

Hatua ya 5: PF3 ijazwe ikamilike

PF3 ni fomu ya polisi namba 3. Polisi wanajaza sehemu yao, wewe unaipeleka hospitali, daktari anakupima anajaza yake: majeraha yako wapi, ukubwa wake, ni ya muda gani, yamesababishwa na kitu cha aina gani. Hiyo karatasi ndo inageuza "nilipigwa sana" kuwa ushahidi.

Kabla hujatoka kwa daktari angalia vitu vinne: jina lako limeandikwa sawa, tarehe ya tukio na tarehe ya kupimwa zipo, saini na jina la daktari vinasomeka, na mhuri upo. Mueleze kila kinachouma, usione aibu kusema na mgongo nao, kwasababu kisichoandikwa hapo ni kama hakikutokea. Toa fotokopi mbili ndo urudishe fomu kituoni. Majeraha yapige picha siku hiyo, alafu piga tena siku mbili tatu mbele, michubuko mingine inaonekana vizuri baadae.

Kama aliyeumizwa ni mtoto tafuta mapema cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Kwenye kesi za ubakaji wa mtoto umri ni lazima uthibitishwe, na kuna watu wameachiwa kwasababu tu hakuna aliyesimama kusema mtoto ana miaka mingapi.

Hatua ya 6: Maelezo, hapa ndo penyewe

Askari atakuandika maelezo. Wewe unaongea yeye anaandika, kisha unasaini. Hayo maelezo yatakaa kwenye jalada na siku ya ushahidi wakili wa mtuhumiwa anaweza kuyashika mkononi akayalinganisha neno kwa neno na unachokisema kizimbani. Ukisema tofauti umekwisha.

Tuchukue mfano, mtu amekabwa usiku. Maelezo mabovu yako hivi:

"Usiku nilivamiwa na vijana wakaniibia simu na hela, mmoja namfahamu."

Kuna nini hapo? Hakuna kitu. Sasa mtu huyo huyo, tukio hilo hilo:

"Saa 4 na dakika 20 usiku nikitoka dukani nilikabwa na vijana wawili chini ya nguzo yenye taa ya umeme iliyokuwa inawaka. Mmoja nilimwona uso kwa uso umbali wa hatua mbili, nilimwangalia muda wote ananipapasa mifukoni kama dakika mbili. Namfahamu kwa jina la Fulani, ni fundi baiskeli pale kona, namwona karibu kila siku. Alivaa fulana nyekundu. Mwenzake alikuwa mrefu mwembamba, simfahamu, ila nikimwona naweza kumtambua. Walichukua simu nyeusi, kioo kina ufa kona ya juu kushoto, na IMEI yake ni hii hapa. Jirani yangu alipofika nilimwambia palepale kwamba ni Fulani."

Unaona tofauti? Kuna hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1980 ambayo mpaka leo mawakili wanaitaja, inasema shahidi aliyemwona mtu kwenye mazingira magumu kama usiku aulizwe: ulimwona kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa wa nguvu kiasi gani, na ulikuwa unamfahamu kabla au hapana. Ukiyajibu haya siku ya kwanza umefunga milango mingi. Na ile sentensi ya mwisho ya kumtaja kwa jirani usiiache, mahakama zinamwamini zaidi shahidi aliyemtaja mhusika mapema kwa mtu wa kwanza aliyekutana naye. Ukikaa wiki mbili ndo unamtaja utaulizwa ulikuwa unasubiri nini.

Ukimaliza, omba usomewe au usome mwenyewe. Hujui kusoma, asome unayemwamini. Kikiwepo kitu hukusema, kirekebishwe ndo usaini. Usisaini karatasi yenye mistari mitupu chini yake, piga mstari kwanza. Hii sio kumdharau afande, naye amechoka, ameandika watu wengi tangu asubuhi na anaweza kuandika saa 2 badala ya saa 4, kosa dogo tu la kalamu na wewe ndo litakalokugharimu.

Angalizo: usitaje jina ulilosikia kwa watu kana kwamba umeona mwenyewe. Sema "sikuwaona, ila mama mmoja jirani aliniambia amewaona", polisi wamfuate huyo mama. Uvumi ukiingia kwenye maelezo yako kama ushuhuda, mtu asiye na hatia anaweza kulala ndani kwa ajili yako na yule halisi anaendelea na kazi zake.

Hatua ya 7: Ulizia jalada, sio RB tu

Watu wengi wanakaa na RB miezi mitatu wanadhani wana kesi. RB ni taarifa. Jalada la uchunguzi likifunguliwa linapata namba nyingine, hiyo ndo IR, na linapewa mpelelezi. Kwahiyo baada ya siku chache rudi uulize maswali haya matatu: jalada limefunguliwa? Namba ya IR ngapi? Mpelelezi wangu ni nani na nampataje? Andika kwenye daftari pamoja na tarehe uliyouliza na jina la aliyekujibu.

Kisha msaidie mpelelezi. Mpelekee mashahidi, sio kumpa namba tu, wengine wakipigiwa na polisi wanazima simu. Kama dukani jirani kuna kamera mwambie mapema, mashine nyingi zinajifuta zenyewe baada ya muda. Mpigie mara moja kwa wiki, ongea vizuri.

Hatua ya 8: Mtuhumiwa au mali ikipatikana

Kwa mali: usikubali kuonyeshwa kwanza halafu ndo useme "ndiyo yangu". Taja alama zake kabla hujaiona, ufa uko wapi, namba gani, stika gani, kisha ndo uonyeshwe. Simu nyeusi zipo nyingi, mahakama inataka ile ya kwako.

Kwa mtu usiyemfahamu kwa jina, polisi wanaweza kuandaa gwaride la utambulisho. Mtuhumiwa anapangwa na watu wanaofanana nae na wewe unamchagua. Kama kabla ya hapo mtu ameshakuonyesha picha yake au umepishana naye kwenye korido amefungwa pingu, gwaride halina thamani tena. Kwahiyo kaa mbali, na usiombe marafiki wakutumie picha yake.

Na kama upekuzi unafanyika mahali, awepo shahidi huru, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na iandikwe hati ya vilivyokamatwa, wahusika wasaini. Bila hiyo vita itakuwa ndefu.

Hatua ya 9: Akipewa dhamana usichanganyikiwe

Hili ndo linaleta hasira kuliko yote. Umemuona jana kashikwa, leo anakunywa chai. Watu wanasema moja kwa moja kahonga. Inawezekana, lakini mara nyingi ni sheria tu. Katiba ibara ya 13 inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 na kama haiwezekani basi kwa makosa yanayodhaminika apewe dhamana. Tena tangu mabadiliko ya 2022 upelelezi unatakiwa ukamilike kabla kesi haijafunguliwa mahakamani, isipokuwa makosa makubwa, kwahiyo mtu kuwa nje wakati polisi wanachunguza ni jambo la kawaida. Kesi haijaisha. Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, hayo hayana dhamana.

Siku yakikupata wewe, ukasingiziwa, ni mlango huo huo utakaokutoa.

Akija kukutisha, au ndugu zake wakaja na maneno, usijibizane. Hifadhi meseji, taja walioshuhudia, nenda ukaripoti upya upate RB nyingine na umwambie mpelelezi au mwendesha mashtaka. Kumtisha shahidi kunaweza kumuondolea dhamana.

Hatua ya 10: Mahakamani

Kwanza jua uko mahakama gani. Mahakama ya Mwanzo haina mwendesha mashtaka wa serikali, wewe mlalamikaji ndo unasimama unaeleza, unaita mashahidi wako, unamuuliza maswali mtuhumiwa. Watu wengi wanafika pale wanamtafuta "wakili wangu wa serikali" hawamuoni. Kwenye Mahakama ya Wilaya na kuendelea kuna mwendesha mashtaka toka Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, mtafute kabla ya siku yako, jitambulishe, mkumbushe vielelezo vilivyopo, maana ana majalada mengi na la kwako ni moja tu.

Siku ya ushahidi fika mapema. Kama hujatoa ushahidi usiingie kukaa ndani kusikiliza wenzako, subiri nje. Hakimu anaitwa mheshimiwa. Utaapa kwa dini yako au utathibitisha kama huna. Jibu ulichoulizwa, kwa ufupi, na kama hukumbuki sema sikumbuki, usibuni. Wakili wa upande wa pili atakuudhi makusudi, ndo kazi yake, vuta pumzi mjibu hakimu. Kama kuna kitu chako kimetolewa, eleza unakitambuaje.

Kila ukitoka andika tarehe inayofuata kabla hujavuka mlango. Usikosekane. Kesi inaahirishwa, inachosha, nauli inaisha, najua, lakini upande wa mtuhumiwa wanasubiri hicho tu, ukikosa mara mbili tatu kesi inafutwa kwa kukosa mashahidi.

Akitiwa hatiani mahakama inaweza kuamuru akulipe fidia na mali yako irudishwe. Mara nyingi usipoomba haitajwi, kwahiyo muombe mwendesha mashtaka aseme, au kama ni Mwanzo omba mwenyewe, ukiwa na risiti za matibabu mkononi. Kwenye Mahakama ya Mwanzo asiyeridhika, hata mlalamikaji, ana siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, usikae na huzuni nyumbani mpaka zikapita.

Kuhusu kumalizana nje

Kwa shambulio la kawaida, majirani wamerushiana ngumi, kupatana kunaruhusiwa na mahakama yenyewe inaweza kuwasaidia mpatane. Ila ifanyike mbele ya mahakama na iandikwe, usipokee bahasha uchochoroni ukasaini karatasi usiyoielewa.

Lakini mtoto kabakwa, wazee wa pande mbili wanakaa sebuleni wanakubaliana ng'ombe au hela na "tusiiaibishe familia", hapo hapana. Hiyo kesi ni ya Jamhuri, sio ya baba wala mjomba, hamna mwenye mamlaka ya kuisamehe. Na yule mtoto anakaa anawaangalia mnavyohesabu, anaelewa kabisa. Ukijua jambo hilo linaendelea, ripoti, hata kama sio ndugu yako.

Ukikwama

*Kaunta wamekataa kunipa RB.* Omba kumuona mkuu wa kituo, OCS. Akikataa nenda kituo cha wilaya kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Nenda na daftari lako lenye tarehe na saa ulizozungushwa.

*Naombwa hela ya mafuta ya gari au ya karatasi.* Uliza kwa upole, "afande nitapata risiti?" Kama ni rushwa TAKUKURU wana namba 113 ya bure. Ukitoa leo, kesho mwenzako atatoa zaidi yako na jalada litaelekea upande wa mwenye nazo.

*Mpelelezi hapokei simu, miezi inapita.* Panda ngazi kwa barua, sio kwa makelele. Mkuu wa upelelezi wa wilaya ni OC-CID, wa mkoa ni RCO, juu yake RPC, kamanda wa polisi wa mkoa. Barua iwe ukurasa mmoja: RB, IR, kosa, nini kimefanyika, unaomba nini. Peleka nakala mbili, yako wakugongee muhuri wa kupokea. Pia ofisi ya mashtaka ya wilaya au mkoa unaweza kwenda kuulizia jalada lako limefikia wapi.

*Jalada wanasema halionekani.* Hapa ndo zile fotokopi za PF3, namba za IR na picha zinapokuokoa, jalada linaweza kuundwa upya. Asiye na kopi anaanza na kumbukumbu tupu.

*Shahidi wangu anaogopa.* Usimlazimishe kwa vitisho. Mpeleke aongee na mpelelezi faragha, na mahakamani anaweza kuitwa kwa samansi ili asionekane kajipeleka.

*Sina hela ya wakili.* Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017. Ulizia wasaidizi wa kisheria kwenye halmashauri yako, au LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu), au TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) kwa wanawake na watoto. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia nayo imekuwa ikizunguka mikoani tangu 2023, ikifika kwenu nenda na karatasi zako zote, sio mdomo.

*Askari ndo kanipiga.* Ripoti kituo kingine au kwa OCD, chukua PF3 huko, na peleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Majeraha yapimwe siku hiyo hiyo.

*Mimi ndo nimeandikiwa RB ya uongo.* Usikimbie. Nenda na ndugu mmoja mwenye kitambulisho na barua ya mtaa ili akudhamini. Una haki ya kuambiwa kosa lako, kumjulisha ndugu au wakili, na kunyamaza. Usisaini maelezo ambayo hujasoma. Ulipokuwa siku ya tukio palikuwa na watu, waandike majina yao leo kabla hawajasahau.